Nyani Si Tumbili, na Mbega Hana Kesi

Ndugu msomaji, ukipewa neno la Kiingereza "monkey" ulitafsiri kwa Kiswahili, utaandika nini? Muhula huu nilizunguka na daftari nikiwauliza wenzangu wa vidato mbalimbali swali hilo hilo moja. Walio wengi walijibu "nyani" hata kabla sijamaliza kuuliza. Wachache wakasema "tumbili". Mmoja akasema "nugu", halafu akacheka mpaka akashika mbavu, nami sikuona cha kuchekesha. Lakini wasichana wawili wa Kidato cha Pili, wazaliwa wa hapa hapa pwani ya kusini, walinirudishia swali langu: "Yupi?"

Hao wawili ndio waliojibu sawasawa, na ndio walionifanya nikae chini kuandika makala haya.

Kwa hakika Kiswahili hakina neno moja linalowakusanya wanyama hawa wote kama lilivyo lile la Kiingereza. Kamusi zikibanwa sana husema "mnyama wa jamii ya nyani", na yamkini hapo ndipo nyani alipopata mwanya wa kuwameza wenzake. Ukitoka Kiingereza kuja Kiswahili unafika njia panda penye barabara nne au tano, na huwezi kushika hata moja mpaka umemwona mnyama mwenyewe. Tusidhani ni upungufu wa lugha yetu. Ni kama mpunga, mchele na wali. Mwingereza ana neno moja kwa vyote vitatu naye hula akashiba, lakini hebu wewe mtume mtoto dukani akanunue kilo mbili za wali uone atarudi na nini.

Tuanze na nyani, maadamu ndiye mkubwa wao. Nyani ana mdomo mrefu kama wa mbwa, na hutembea ardhini kwa miguu minne bila haraka, kama mwenye shamba. Mkia wake hupanda kidogo kisha ukakunjika, utadhani umevunjwa zamani ukaungwa vibaya. Huku kwetu rangi yake ni manjano iliyofifia. Wale wa Nakuru na Laikipia wana rangi ya zeituni na mwili mnene zaidi. Haendi peke yake. Kundi laweza kuwa la nyani 30 au 50, na mengine hupita 100.

Tumbili ni mdogo, wa kijivu, uso wake mweusi umezungushiwa manyoya meupe. Huyu ndiye anayeingia dirishani akatoka na mkate. Dume la tumbili lina sehemu moja ya buluu ambayo, kwa heshima ya gazeti hili, sitaieleza zaidi. Kima naye ni mkubwa kidogo kuliko tumbili, ana weusi mgongoni na miguuni, na hapa shingoni kavaa kitambaa cheupe kama mtoto anayelishwa uji. Ukifika Nairobi ukaenda bustani ya City Park, wale wanaowarukia watu kuomba karanga ni kima. Wageni karibu wote huwaita nyani, na kima wenyewe hawajali maadamu karanga zinakuja.

Mbega ndiye ninayempenda, kwa hivyo nitakaa kwake kidogo. Ukitaka usimsahau, kumbuka mabega: mwili ni mweusi tititi, ila mabegani humning'inia manyoya marefu meupe, na mashavuni vile vile. Mtoto wake huzaliwa mweupe pepepe, na hubadilika rangi kidogo kidogo kadiri anavyokua. Mbega hana kidole gumba. Jina lake la kisayansi, Colobus, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa kiungo, kwa kuwa wazungu walipomwona mara ya kwanza walidhani mkono wake una kasoro. Kumbe hana haja na gumba. Vidole vyake vinne ni kulabu tosha za kurukia matawi. Chakula chake hasa ni majani. Tumbo lake limegawanyika vyumba, karibu kama la ng'ombe, na akishakula hukaa juu ya mti saa nyingi akisubiri tumbo lifanye kazi. Ukimwona asubuhi kwenye tawi, waweza kwenda shule, ukasoma, ukarudi, ukamkuta yuko pale pale. (Kuna wenzetu wa dawati la nyuma wenye tabia hii, lakini wao hawana udhuru wa majani.)

Pwani yetu ya Diani ina bahati kubwa, manake wote wanne niliowataja wanaishi pale, na usiku hutoka wa tano, komba, mwenye macho makubwa kama taa. Si sehemu nyingi za Kenya ambapo waweza kuwaona wote bila kwenda mbali. Barabara ya Diani imefungiwa ngazi za kamba kutoka mti hadi mti ili mbega wavuke juu wasikanyagwe na magari. Shirika linaloshughulika na jambo hilo lilianzishwa mwaka 1997.

Sasa, mtu aweza kuniuliza: tofauti hizi zina faida gani kwa mtu asiyefanya mtihani? Njoo nikuonyeshe shambani.

Mahindi yanapotia punje, kama mwezi wa Julai hivi, huku kwetu huanza kazi ya kuamia. Kuamia ni kulinda mazao yasiliwe na ndege au wanyama. Hujengwa dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu, na mtu hukaa hapo tangu alfajiri mpaka magharibi na debe na mawe. Anayekaa huko aghalabu ni mtoto. Baba yuko kazini, mama yuko sokoni, nani abaki? Mwaka jana wiki moja nilihesabu madawati matano matupu katika darasa letu, na wenyewe wote walikuwa madunguni. Mwalimu wa Hisabati akifundisha logi, wao wanapiga debe.

Basi sikiliza wanavyoitana wazee wanaojua. Akisema "Tumbili hao!" mtoto mmoja na debe lake anatosha, kelele tu zinawakimbiza. Akisema "Kima!" watu hutazama mapapai na maembe kabla ya mahindi. Lakini akisema "Nyani!" hapo wanaume hutoka na mbwa, na mtoto huteremshwa dunguni aende nyumbani, kwa sababu dume la nyani lina meno ya chonge ya kutisha na halimwogopi mtoto hata kidogo. Wala halimwogopi mwanamke. Mzee mmoja jirani yetu huapa kwamba nyani hutazama kwanza ni nani amekaa dunguni, ndipo huamua kama wataingia. Hivyo jina moja tu linaeleza ni nani atoke, abebe nini, na nani aokolewe. Anayeita kila mnyama nyani amewanyima watu habari hizo zote.

Na mbega je? Kwa mbega hapana mbiu. Anaita nani kwa sababu mla majani kakaa mtini?

Lakini mbiu imewahi kupigwa. Mwaka jana, katika kijiji ambacho sitakitaja, mtu alipaza sauti, "Nyani! Nyani!" Vijana wakatoka mbio na marungu na manati. Mimi nilikuwa natoka shule, nikafuata kama wengine. Juu ya mwembe alikuwako mbega jike, mtoto mweupe kamkumbatia kifuani. Wa mahindi walikuwa wameshaondoka zamani, na mabua yaliyovunjwa yalikuwa upande wa pili kabisa wa shamba. Mtu mzima mmoja alisema, "Huyo si nyani, huyo ni mbega." Kijana mmoja akamjibu, "Si ni wale wale tu!" Jiwe la kwanza likaenda. Mama alianguka. Mtoto alichukuliwa na watu wanaotunza wanyama hao na sikupata habari zake tena.

Nimelifikiria sana jibu lile la "si ni wale wale tu". Hilo ndilo jambo lenyewe ninalolisema hapa. Kijana yule hakuwa na ukatili kuliko mimi au wewe. Shamba lao lilikuwa limeliwa kweli, na ni hasara kubwa. Ila neno lilikuwa limemfumba macho. Kila chenye mkia juu ya mti kwake kilikuwa nyani, na nyani ana deni.

Wala tusidhani mambo haya ni ya vijijini tu. Mwaka 2022 ulienea duniani ugonjwa ambao Waingereza waliuita ndui ya monkey, na huku kwetu redio na magazeti mengi yakauita "homa ya nyani". Jina lile la Kiingereza lilitokana na kwamba virusi vyake viligunduliwa mwaka 1958 katika wanyama wa jamii hii waliofungwa maabara huko Copenhagen, Denmark. Mtu wa kwanza kuthibitishwa kuugua alikuwa mtoto huko Kongo, mwaka 1970. Lakini wanyama wale wa maabara waliambukizwa tu, kama sisi tunavyoambukizwa. Wanasayansi huwashuku zaidi wanyama wagugunaji, yaani panya, kuchakulo na jamaa zao, kuwa ndio wanaoviweka virusi hivyo porini. Na mwaka ule wa 2022 ugonjwa ulikuwa ukienea kutoka kwa mtu hadi mtu kwa kugusana.

Pamoja na hayo, huko Brazil mwezi wa Agosti mwaka huo watu waliwapiga mawe na kuwatilia sumu wanyama wa mitini kwa kuogopa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani likalazimika kusema hadharani kwamba wanyama hao hawana kosa. Tarehe 28 Novemba 2022 shirika hilo likatangaza jina jipya, mpox. Mwisho wa Julai 2024 Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza, msafiri aliyepatikana mpakani Taveta, na mwezi uliofuata mpox ikatangazwa kuwa dharura ya dunia. Dharura hiyo iliondolewa Septemba 2025. Katika muda huo wote nimesikia "homa ya nyani" mara nyingi kuliko mpox. Hebu lipime jina hilo. "Homa" haitoshi, maana kinachotambulisha ugonjwa ni malengelenge. "Nyani" ndiyo kabisa, maana hata Waingereza waliokosea hawakumtaja nyani! Wao wana neno lao jingine la nyani. Sisi tulichukua kosa la wenyewe, tukalitafsiri vibaya, tukapata makosa mawili kwa bei ya moja.

Njoo sasa kwenye methali. Wengi wetu tunazikariri kwa ajili ya insha bila kujiuliza kwa nini mnyama fulani katajwa na si mwingine. "Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe." (Mwalimu mlezi wa chama ameniruhusu kuliandika neno hilo kwa sababu ni la methali.) Jaribu kumweka mbega hapo. Haiwezekani! Mbega kafunikwa manyoya, hana cha kuonyesha. Methali hii inasimama kwa sababu nyani ana matako makavu yasiyo na manyoya, na ya jike huvimba yakawa mekundu kiasi kwamba mwenziwe nyuma hana budi kuyaona. Wazee walitazama kwanza, ndipo wakasema.

"Siku ya kufa nyani miti yote huteleza." Nyani hushinda chini mchana kutwa, lakini hatari ikija, au jua likizama, mti ndio ngome yake. Ndiyo maana mti kuteleza ni msiba kwake. "Ukitaka kumuua nyani, usimtazame usoni." Huu ni ushauri wa mwindaji, na mimi huuona una huzuni kuliko watu wanavyoutumia. Siku hizi mtu akitaka kumfukuza mfanyakazi au kumwambia rafiki maneno makali, huutaja huku akicheka. Lakini ndani yake wazee walikiri kwamba uso ule una kitu cha mtu, na mkono ukiuona utasita.

Kuna na "kesi ya ngedere, hakimu nyani". Hii haina haja ya maelezo kwa mtu aliyewahi kupeleka malalamiko kwa kiranja dhidi ya rafiki wa kiranja.

Hadithi zetu nazo zina uangalifu huo huo. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha kitabu cha ngano alizoandikiwa na kusimuliwa Unguja, na mojawapo ni ya kima aliyefanya urafiki na papa. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia rafiki yake kuyu. Papa anamchukua mgongoni kumpeleka kwao, kumbe mfalme wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima naye anasema, "Lo, mngaliniambia mapema! Sisi mioyo yetu huiacha mtini," na papa anamrudisha. (Maneno hayo ni ya kwangu, lakini kisa ndicho hicho.) Asili ya ngano hii ni Bara Hindi, na huko rafiki wa majini alikuwa mamba. Msimulizi wa pwani alimtoa mamba akaweka papa, maana hadithi sasa iko baharini, na juu ya mti akamweka kima, mkaaji wa mitini. Angemweka nyani, msikilizaji wa Unguja angeuliza kwa nini hakushuka chini akaenda zake.

Hapa nataka niwaeleze jambo lililonishangaza kuliko yote. Sisi tunayachanganya majina yao, lakini tumbili hawayachanganyi maneno yao. Huko Amboseli, nchini mwetu, watafiti walisikiliza tumbili miaka mingi, na mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha matokeo ya majaribio yao. Tumbili akiona chui hutoa mlio mmoja, na wenziwe hukimbilia mitini. Akiona tai hutoa mlio mwingine, na wenziwe hutazama juu na kujitupa vichakani. Akiona nyoka hutoa wa tatu, na wote husimama kwa miguu ya nyuma wakikagua nyasi. Watafiti walinasa milio hiyo kwenye kanda, wakaficha spika kichakani, wakaipiga pasipokuwa na chui wala tai wala nyoka. Tumbili walifanya vile vile kama ilivyosema kanda. Yaani waliitii sauti yenyewe tu.

Watoto wa tumbili huanza kwa kukosea. Kitoto huweza kupiga mlio wa tai kwa sababu kaona ndege asiye na madhara, au hata jani linaloanguka. Wakubwa hutazama juu, wakiona hakuna kitu hurudi kula. Lakini kitoto kikiita kwa tai wa kweli, mkubwa naye huita. Hivyo ndivyo kinavyojifunza msamiati. Fikiria basi tumbili mmoja angeanza kupiga mlio mmoja kwa kila kitu chenye kuogopesha, na wengine wakamwambia, "Si ni wale wale tu." Wangepanda mtini wakimkimbia tai, na kundi hilo lisingefika mwisho wa mwezi.

Nisipotaja matusi nitakuwa nimekwepa. Majina haya hutumiwa kutukana kila siku, na yana ngazi zake. "Tumbili wewe" nyumbani kwetu huambiwa mtoto mtundu, na mara nyingine mama husema huku anatabasamu. "Nyani wewe" haina tabasamu. "Nugu" wenzetu wameitoa Kikuyu, ambako ni nyani yule yule, lakini mjini imekuwa tusi la yeyote. Sokwe naye ametiwa humo ingawa hana mkia wala si mmoja wa hao wengine. Porini Kenya hayuko, wale wa Sweetwaters huko Laikipia waliletwa kuanzia mwaka 1993. Siku ya somo la chimbuko la binadamu darasa zima hugeuka vita vya "babu yako nyani". Wanasayansi hawasemi mtu alitoka kwa nyani. Wanasema sisi na wao tuna asili moja ya zamani mno, kama watoto wa mabinamu, na aliye karibu nasi zaidi ni sokwe.

Tusi hili lina historia ndefu kuliko uwanja wetu wa mpira. Kongo humwita mnyama wa aina hii makako. Neno hilo lina asili ya Kibantu, ya kwao Kongo. Wareno walilichukua wakasema "macaco", Wafaransa wakalichukua kwa Wareno wakasema "macaque". Huko Ulaya likawa jina la wanyama wa Asia ambao Kongo hawako kabisa. Kisha Wabelgiji walipoitawala Kongo, wakawatupia nalo Wakongo wenyewe kama tusi. Neno liliondoka nyumbani likiwa jina, likarudi likiwa jiwe. Tarehe 21 Mei 2023 uwanjani Valencia, Hispania, mashabiki walimfanyia mchezaji Vinícius Júnior wa Real Madrid sauti na ishara za mnyama huyo. Juni 2024 mahakama iliwahukumu watatu miezi 8 gerezani. Sisi hapa tuliitazama habari hiyo tukakasirika sana. Wiki ile ile, katika darasa ambalo silitaji, alikuwako mwenzetu mweusi kuliko wengine aliyeacha kuinua mkono kujibu maswali kwa sababu ya jina la mnyama alilobandikwa. Silitaji jina lake wala la mnyama. Anayejua anajua.

Nimebakiwa na nafasi ndogo, na mwalimu ameniambia nisisahau sarufi. Majina haya yote yana umbo lisilobadilika katika wingi, lakini kwa kuwa ni viumbe hai hufuata A-WA: nyani huyu amekuja, nyani hawa wamekuja. Anayeandika "nyani mbili zimeingia shamba" apunguziwe alama mara mbili, moja ya sarufi na moja ya shamba. Ukimdogosha akawa kitumbili, atahamia KI-VI: kitumbili hiki kimeiba ndizi.

Jihadhari pia na kima. Kuna kima mnyama. Kuna kima ya nyama iliyosagwa, ya kutilia sambusa. Kuna kima kwa maana ya kiwango, kama kile kima cha chini cha mshahara ambacho wazazi wetu hukingojea kwa hamu kila tarehe 1 Mei. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza, aliyekuja kutoka bara, aliogopa sambusa za kantini wiki mbili nzima baada ya kumsikia mwenye kantini akiuliza, "Kima imefika?"

Mwisho ni ngedere, na huyu ametugawanya hata chamani. Kamusi humtaja kuwa mdogo mweusi. Wenzetu wenye jamaa Tanzania wanasema kwao ngedere ni tumbili huyu huyu wa kijivu. Wengine wanashikilia ni kima. Tumebandika karatasi kwenye mlango wa maktaba ili kila mtu aandike jina analotumia nyumbani na aeleze mnyama alivyo: rangi, mkia, anakula nini, anatembea chini au juu. Waluo wamejaza upesi, maana wao wana bim kwa nyani na ong'er kwa hawa wadogo, hawawachanganyi. Nafasi ya mbega bado ina mistari mingi mitupu. Kalamu imefungwa na uzi hapo hapo, tafadhali msiichukue.